Amana Ikirudishwa Haiitwi Zawadi

Ndugu wanachama, liko neno moja la Kiingereza ambalo limekaa vitabuni na midomoni mwetu miaka mingi, nasi twalipitisha bila kulipekua. Neno lenyewe ni "grant". Ni neno fupi, na mtoto wa shule akiulizwa maana yake atajibu upesi: kutoa, au kupa. Lakini neno hili dogo limebeba mashamba, limebeba madini, na limebeba uhuru wa mataifa mazima. Yafaa tulikalishe chini tulihoji, kama wazee wanavyomhoji mgeni aliyeingia kijijini na mzigo uliofunikwa.

Sababu ya kulihoji ni hii. Ifikapo Desemba, hatukosi kusikia msemaji akituambia kwamba Tanganyika "ilipewa uhuru" tarehe 9 Desemba 1961, na kwamba Kenya "ilipewa uhuru" tarehe 12 Desemba 1963. Msemaji hana nia mbaya. Anatafsiri tu. Kiingereza kimemwambia kwamba uhuru ulikuwa "granted", naye ameuleta kwetu hivyo hivyo. Lakini aliyepewa hushukuru, na anayeshukuru kila mwaka kwa kitu kilichokuwa chake tangu mwanzo, mwisho husahau kwamba kilikuwa chake.

KAZI ZA NENO HILI

Kwa Kiingereza cha leo neno hili lina kazi nne kubwa. Ya kwanza ni kutoa kitu kwa njia rasmi: serikali kutoa leseni, mahakama kutoa amri, ofisi kutoa kibali. Ya pili ni kuridhia ombi. Mwingereza akiomba dua hulitumia neno hili, mahali ambapo sisi twasema Mungu atujalie. Ya tatu ni kukiri hoja ya mwenzio katika mabishano: hapo nakubali unasema kweli, lakini hapa sikubali. Ya nne ni jina la fedha zinazotolewa bila kudaiwa kurudishwa, ambazo sisi twaziita ruzuku. Tena wana usemi wao kwamba kitu kimechukuliwa "for granted", maana yake mtu amekizoea hata hakioni wala hakithamini.

Ukizitazama kazi hizo utaona kwamba nyingi zina ngazi ndani yake. Mtoaji yuko juu, mwombaji yuko chini, na kati yao pana meza, mhuri na sahihi. Mama hampi mtoto uji kwa neno hili. Jirani hampi jirani chumvi kwa neno hili. Kwa mambo hayo Mwingereza analo neno lake jingine la kawaida, "give". Hili la "grant" hulitoa pale mwenye mamlaka anapomfikia asiye na mamlaka.

Tena lina ujanja wa kuficha. Likisemwa kwa kutendwa, kwamba haki fulani ilitolewa, mtoaji hatajwi na hakuna anayeuliza alikipata wapi alichotoa. Kwetu sisi mtu akisema "nimepewa ng'ombe", swali la kwanza ni "na nani?" na la pili ni "ng'ombe wa nani?" Maswali hayo mawili ndiyo tutakayolishika nayo neno hili mpaka mwisho.

LILIKOTOKA

Neno hili halikuzaliwa Uingereza. Lilivuka bahari pamoja na Wanormani, ambao waliiteka nchi ile mwaka 1066 na kukifanya Kifaransa chao kuwa lugha ya mabwana na ya mahakama. Waingereza nao walitawaliwa kwa lugha ya kigeni, na maneno yao mengi ya sheria wameyarithi kwa waliowatawala. Katika Kifaransa cha zamani neno lilikuwa "creanter", na maana yake ilikuwa kuahidi, kudhamini, kuthibitisha. Nyuma yake liko neno la Kilatini "credere", yaani kuamini. Shina hilo ndilo lililozaa pia neno "credit", ambalo ni mkopo anaopewa mtu anayeaminika.

Hapa pana jambo la kutazamwa sana. Kwa asili yake neno hili halikuwa la mtoa sadaka. Lilikuwa la mtu anayefunga ahadi, anayemwambia mwenzake: chukua neno langu, uliamini, nami nimefungwa nalo. Mzigo ulikuwa juu ya msemaji. Ni baadaye, katika vinywa vya wafalme na magavana, ndipo mzigo ulipohamishwa ukawekwa kichwani mwa mpokeaji kwa jina la shukrani.

Waingereza wenyewe wanajua habari hii. Mwaka 1215, mfalme wao John alitia muhuri mkataba mkubwa uitwao Magna Carta, ambamo husema kwamba "ametoa" haki kadhaa kwa watu huru wa ufalme wake. Ukisoma mkataba peke yake utadhani mfalme yule alikuwa mkarimu. Lakini mabaroni walikuwa wamekwisha kushika silaha, na mwezi mmoja kabla walikuwa wamekwisha kuingia London. Mfalme aliyezungukwa na panga alitoa alichoshindwa kuzuia, kisha karani akaandika kwamba ametoa.

Wakaendelea. Mwaka 1689, Bunge lao lilipitisha sheria ya haki iliyosema kwamba mfalme kutoza fedha bila "grant" ya Bunge ni haramu. Tazameni neno lilivyogeuka! Pale anayetoa ni watu kwa njia ya wajumbe wao, na anayepokea ni mfalme. Basi nyumbani kwao walikwisha kuamua tangu zamani ni nani mwenye mali. Tatizo ni kwamba neno hilo lilipopanda meli kuja Afrika, liligeuzwa tena likasimama kichwa chini.

LILIPOFIKA AFRIKA

Tarehe 30 Oktoba 1888, Lobengula, mfalme wa Wandebele, alitiliwa mbele yake karatasi na Charles Rudd, mtu wa Cecil Rhodes. Karatasi ile ilimfanya mfalme aseme kwamba "anatoa" mamlaka yote juu ya madini yote yaliyo katika ufalme wake. Malipo yake yalikuwa pauni 100 kila mwezi, bunduki 1,000 za Martini-Henry, risasi 100,000 na mashua ya mizinga katika mto Zambezi. Mmisionari Charles Helm, aliyekuwa mkalimani, aliandika kwamba wazungu wale walimwahidi mfalme kwa mdomo kuwa hawataleta watu zaidi ya 10 kuchimba. Ahadi hiyo haikuandikwa katika karatasi. Lobengula alipotambua, aliikana karatasi ile na kutuma wajumbe wake kwa Malkia Victoria. Hata hivyo mwaka 1889 Malkia alitoa hati kwa kampuni ya Rhodes, na mwaka 1893 kampuni ilikwenda vitani na kuuteka mji wa Bulawayo.

Basi neno lilifanya kazi mara mbili. Mwafrika aliambiwa ametoa, asichojua kuwa ametoa. Kisha Malkia akatoa, asichokuwa nacho. Neno la kuamini likawa neno la kuhadaa.

Nchini Kenya, sheria ya ardhi ya Taji ya mwaka 1902 iliwawezesha walowezi kupata mashamba kwa miaka 99. Haikuwatosha. Sheria ya mwaka 1915 ikawapa miaka 999, na ikahesabu hata ardhi waliyokuwa wakikaa Waafrika kuwa ni ardhi ya Taji. Taji lile halikulima hata jembe moja katika nchi ile. Lakini kwa kuwa limejiandika kuwa mwenye mali, likaweza "kutoa", na wenye ardhi wakageuka wapangaji juu ya makaburi ya babu zao.

Tanganyika ilikuwa na hali nyingine kidogo, nayo yatufundisha zaidi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilisema ardhi yote ya nchi, inayokaliwa na isiyokaliwa, ni ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Aliyepewa hati na Gavana alikuwa na haki ya kutolewa. Mwananchi aliyekuwa akilima kwa mila ya kwao hakuwa na hati, na ilipofika mwaka 1928 sheria ikarekebishwa ili naye ahesabiwe kuwa na haki. Ahesabiwe! Mgeni wa jana ana haki iliyoandikwa, na mwenyeji wa tangu enzi ana haki ya kuhesabiwa. Matunda ya mpango huo yalionekana mwaka 1951, Wameru walipoondolewa Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi. Ndugu Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, kuuliza lile swali letu la kijijini: mmetoa ng'ombe wa nani?

UHURU NAO

Sasa tuje kwenye uhuru. Tarehe 14 Desemba 1960 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio namba 1514, ambalo jina lake kwa Kiingereza lina neno hilo hilo: azimio la "granting", yaani kutoa uhuru kwa nchi na watu wa makoloni. Mataifa 89 yalikubali, hakuna lililokataa, na mataifa 9 hayakupiga kura, zikiwamo Uingereza, Ufaransa, Ureno, Ubelgiji na Marekani. Lilikuwa azimio jema, nasi hatulidharau. Ndani yake lilisema kwamba kutokuwa tayari kwa watu kusifanywe kisingizio cha kuchelewesha uhuru, na lilidai mamlaka yote yakabidhiwe kwa wenyewe bila masharti. Kukabidhi ni neno la kweli. Kichwa cha azimio ndicho kilichobaki na lugha ya mabwana.

Tena sheria ya London ya mwaka 1957 kuhusu uhuru wa Ghana haikusema hivyo. Ilisema habari ya nchi ile "kufikia" hali ya kujitawala kamili. Anayefikia ametembea kwa miguu yake. Kama mwanasheria wa Uingereza aliona neno hilo lafaa, kwa nini sisi tung'ang'anie la kupewa?

Tanganyika ina hoja kubwa kuliko hiyo. Nchi ile haikuwa mali ya Uingereza hata kwa sheria za wazungu wenyewe. Baada ya vita ya kwanza iliwekwa mikononi mwa Uingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na tangu mwaka 1946 ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Mkataba wa Umoja huo ulisema lengo la udhamini ni kuwafikisha watu kwenye kujitawala au uhuru. Twaelewa vizuri mdhamini ni nani. Ukimwekea mtu amana, ukaenda safari ukarudi, akakurudishia, hawezi kusema "nimekupa". Atasema "chako hiki". Akisema amekupa, jamaa zake wenyewe watamcheka, na kadhi atamuuliza maswali.

Wako watakaosema: lakini Tanganyika haikumwaga damu, basi si kweli kwamba ilipewa? Tujibu polepole. Kwanza, damu ilimwagika zamani, katika vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa risasi na kwa njaa. Pili, kutomwaga damu si kukaa bure. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York, kisha akaacha kazi ya ualimu akaingia katika kazi ya chama. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 serikali iliweka sharti kwamba kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ukaamua kuingia hivyo hivyo, na chama kikashinda ndani ya sheria iliyotungwa kukizuia. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Nani alitoa hapo? Walitoa wananchi: walitoa ada ya kadi, walitoa kuku wa kumlisha mjumbe, walitoa miguu yao kwenda mikutanoni. Gavana ndiye aliyepokea habari.

Na kwa ndugu wa Kenya swali hili halihitaji jibu refu. Nchi iliyowekwa katika hali ya hatari tangu tarehe 20 Oktoba 1952, ikajaa kambi za kizuizi, viongozi wake wakahukumiwa Kapenguria, haiwezi kuambiwa kwamba iliamka asubuhi moja ikakuta zawadi mlangoni.

LEO JE?

Huenda msomaji akasema hayo ni mambo ya kale, na kubishania neno ni kazi ya walimu. Sivyo. Neno bado lipo kazini, na linatugusa katika mambo matatu.

La kwanza ni ardhi. Sheria mbili za Tanzania za mwaka 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zimesema wazi kwamba haki ya kimila ina hadhi sawa katika kila jambo na ile ya kutolewa. Tena tazameni: haki ya kutolewa ina mwisho, haizidi miaka 99, lakini haki ya kimila yaweza kuwa haina kikomo na hurithiwa. Yule ambaye hakupewa ndiye mwenye kudumu! Hata hivyo bado mwanakijiji huweza kuambiwa kwamba shamba lake ni la "kimila tu", kana kwamba ni haki ya daraja la pili. Mwanachama akilisikia neno hilo "tu", alijibu palepale kwa sheria.

La pili ni fedha. Ruzuku kwa Kiswahili ni ndugu wa riziki, na kwa asili yake ya Kiarabu anayeruzuku viumbe ni Mwenyezi Mungu. Tumeliazima neno la Mungu tukaipa hazina ya serikali. Si vibaya, mradi tukumbuke hazina ilikojazwa. Zamani wakoloni waliwatoza Waafrika kodi ya kichwa na ya kibanda, kisha shule zikipata msaada kidogo, mzee aliyelipa kodi akaambiwa ashukuru. Shule ikipata ruzuku leo, fedha hizo zimetoka katika sukari, mafuta na vitenge tulivyonunua na kulipia kodi. Anayetutangazia kwamba "ametupa" darasa au kisima kwa fedha hizo, tumshukuru kwa kazi yake kama tunavyomshukuru fundi aliyejenga vizuri, lakini fundi hawi mwenye nyumba.

La tatu ni haki za mtu. Husemwa kwamba hakimu "amempa" mshtakiwa dhamana, kana kwamba ameitoa mfukoni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema aliyekamatwa ana haki ya kuachiwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuna sababu nzito. Na Katiba hiyo inakwenda mbele zaidi: inasema haki na uhuru wa msingi ni mali ya kila mtu, wala hazitolewi na Serikali. Neno letu la leo limetajwa pale waziwazi na kukanushwa. Katiba ya Tanzania nayo inasema Serikali hupata madaraka yake yote kutoka kwa wananchi. Basi swali la "nani mtoaji" limekwisha kujibiwa katika sheria mama za nchi hizi. Lililobaki ni ndimi zetu kufuata.

LA KUFANYA

Hatusemi neno "grant" lifukuzwe nchini. Leseni ya duka hutolewa. Kibali cha mkutano wa harusi barabarani hutolewa. Mfadhili akitoa fedha zake mwenyewe kumsomesha mtoto wa jirani, huyo ametoa kweli, na kutoa ni moyo. Tunachosema ni kwamba yatupasa kutenganisha zawadi na amana.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa matawi yote. Mwalimu anayefundisha historia aseme nchi "ilipata", "ilitwaa" au "ilirudishiwa" uhuru wake. Katibu anayeandika barua ofisini asiandike "tunaomba tupewe" mahali ambapo sheria imekwisha kusema ni haki. Aandike "tunataka kujulishwa ni lini". Anayeitwa kusaini karatasi ya ardhi asome kwanza nani ameandikwa kuwa mtoaji, nini kinatolewa, na kwa muda gani, na ahadi ya mdomo aitake iandikwe. Lobengula alilipa ufalme mzima kwa somo hilo. Na anayepanda jukwaani mwezi wa Desemba akumbuke kwamba chini ya jukwaa wamekaa watoto na wajukuu wa waliotoa.

Asili ya neno lenyewe inatuunga mkono. Lilianza kwa maana ya kuahidi na kuaminika. Basi kiongozi anayetaka kulitumia, alitumie kwa maana hiyo ya zamani: afunge ahadi mbele ya watu, afungwe nayo, na watu wamwulize. Mali ni yetu, amana ni yake, na siku ya hesabu inajulikana.